Mtoto Hajala

Watu wa Bugene, huku Karagwe, wanamwita Mansuki, naye huitika. Jina lake kamili ni Mansukhlal, lakini hilo liko kwenye kitambulisho tu, na hata ofisa aliyeliandika alilikosea. Alizaliwa papa hapa, kwenye vyumba vya nyuma ya duka alilojenga baba yake enzi za barabara ya vumbi, na kuzeeka pia anazeekea papa hapa. Anauza vipuri vya pikipiki: cheni, plagi, breki, taa za nyuma. Vijana wa bodaboda wanamheshimu kwa sababu kifaa kikiwa feki anakwambia ni feki, halafu anakuuzia. Kinyambo anakisema vizuri kuliko baadhi ya watoto wetu waliosomea Bukoba, na akikasirika hugombana kwa Kinyambo hichohicho, kwa kuwa anasema Kigujarati hakina matusi ya kutosha.

Kwa habari ya Mungu, Mansuki alikuwa mtu wa kupita. Alipita mbele ya kabati la ibada, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimia jirani ng'ambo ya barabara, huyo akaenda kufungua duka. Mwenye dini katika nyumba ile alikuwa mkewe, Kokila.

Kokila aliletwa bibi arusi kutoka Mwanza, akiwa na sanduku moja na kifurushi kidogo alichokipakata safari nzima, akamkataza kabisa utingo asikitie mkono. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mtoto wa shaba, urefu wake haufiki kidole cha shahada. Anatambaa, goti moja chini, mkono mmoja ameuinua, na kwenye mkono huo ameshika donge la siagi. Wahindu wa madhehebu yao humwita Laloji. Ni Krishna, Mungu wao, katika umbo la utoto. Wapo wanaomwendea Mungu kwa kumwogopa na wapo wanaomwendea kwa kumsifu, hawa humlea.

Na Kokila alilea kweli. Asubuhi alimwamsha kwa kengele ndogo, akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamfuta, akamvika, akamlisha maziwa na ndizi mbivu. Maziwa hayo aliletewa na Komujuni, mke wa mfugaji, aliyeshuka nayo kutoka malishoni kila siku. Jioni Kokila alimlaza na kufunga milango ya kabati taratibu. Kipupwe cha Karagwe kilipobana, alimfumia sweta kwa nyuzi za kijani zilizobaki kwenye masweta ya wanafunzi. Yeye mwenyewe hakugusa chai kabla Laloji hajala.

"Unacheza na mwanasesere," Mansuki alikuwa akimtania.

"Na wewe unamwendea Mungu kama mteja," Kokila alimjibu. "Unaingia, unaangalia rafu, hujaona unachotaka, unatoka. Mimi simwombi kitu. Mtoto haombwi, mtoto analishwa."

Mtoto wa kuzaa hawakujaliwa. Walihangaika hospitali, walihangaika na dawa za majani, mwisho wakaacha. Hilo wengi wetu tulilijua na wenye ndimi ndefu walilisema, lakini Kokila halikumpunguzia sauti. Ungemsikia toka uani, "Mama Joanitha, polepole na sufuria, mtoto amelala!" Kwa Kiswahili hakuwa na jina jingine la kumwita Laloji ila mtoto.

Mama Joanitha ndiye Adelgunda, mpishi wa nyumba ile. Ni Mhaya wa Muleba aliyeolewa Bugene, Mkatoliki wa kweli, katibu wa jumuiya, mtu ambaye akikosa Misa unamuulizia hospitali. Aliingia kwenye jiko la Kokila akiwa na Joanitha mgongoni, na leo Joanitha mwenyewe ni mama wa watu. Jiko lile halikuingiza nyama, samaki wala kitunguu, na Adelgunda aliizoea sheria hiyo bila kuuliza maswali, kwa maana kila nyumba ina miiko yake.

Basi Kokila akaugua figo. Ikawa safari za Bukoba, kisha Mwanza, kisha kurudi nyumbani, uso umevimba na miguu imevimba. Hapo ndipo Mansuki, mtu wa kupita, alipoingia kwenye chumba cha ibada akaketi sakafuni. Aliomba, jamani. Aliomba kwa machozi kwa lugha zake zote tatu. Alifunga kila Jumatatu, akaacha chai aliyoipenda kuliko kitu chochote, akaweka nadhiri kwamba Kokila akipona atampeleka Laloji mpaka India, kwenye vijiji ambako inasemekana alitambaa. Kokila alimsikia kutoka kitandani akatabasamu. "Unabembeleza bei," alimwambia.

Septemba, mvua zikianza kunyesha, Kokila akafariki.

Walimchoma Mwanza kama dini yao inavyotaka, na majivu wakayatia ziwani. Mansuki aliporudi Bugene alitukuta tumekaa kwenye turubai nje ya duka, tumewasha moto, tunaomboleza. Tulichanganyikiwa kidogo. Kwetu mtu huzikwa kwenye migomba yake, na anayekuja kutoa pole huoneshwa kaburi. Hapa kaburi halikuwepo, na watu hawakujua waelekeze wapi macho. Wengine walimwambia Mungu amempenda Kokila zaidi, wengine wakamwambia ajikaze. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tulipotawanyika, Mansuki aliingia chumba cha ibada. Laloji alikuwa amekaa kwenye mto wake, mkono juu, donge mkononi, anatabasamu tabasamu lilelile. Ni tabasamu hilo lililomchoma Mansuki. Kokila alikuwa amemwogesha huyu maisha yake yote ya ndoa, na siku Kokila alipohitaji mtu wa kumfanyia jambo moja tu, huyu alikaa hapo na siagi yake.

"Lala basi," Mansuki alimwambia. "Nyumba hii haina mtu wa kukuamsha."

Akafunga milango ya kabati, akatoka, akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha mbele kinachopakana na duka. Kule ndani hakukanyaga tena. Alirudia chai yake, vikombe viwili asubuhi, na Jumatatu alikula mpaka akashiba. Alikuwa na hasira na Mungu, hasira safi isiyo na haya, na chini ya hasira kulikuwa na jambo lililomtisha zaidi: huenda hakukuwa na wa kumkasirikia. Huenda Kokila alipoteza umri wake kumwogesha kipande cha shaba. Akilifikiria hilo alijisikia kama amemuua mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi akifagia kibaraza alimsikia Adelgunda ndani akinong'ona, akadhani anasali rozari yake. Alimwonea hata wivu kidogo.

Baada ya mwaka mpya, Hemlata akapiga simu kutoka Mwanza. Hemlata ni mdogo wake Kokila, mwanamke wa amri, mwenye sauti ya kuwapangisha watu foleni.

"Jijaji," alimwita, yaani shemeji, "Laloji analishwa?"

Mansuki akaanza kuulizia habari za Mwanza.

"Nilijua. Laloji haachwi hivyo. Aliyezoea kulelewa haachwi. Kama huwezi, nitakuja kumchukua, nitamlea hapa kwangu. Lakini ujue, akitoka hapo ametoka. Simrudishi."

"Njoo umchukue," Mansuki alisema, akashangaa jinsi maneno yalivyotoka mepesi. Usiku huo hakulala. Kitu ambacho Kokila aliingia nacho mikononi katika nyumba ile, na ambacho mikono yake ilikigusa kila siku mpaka ya mwisho, alikuwa amekitoa kwa simu, tena bila hata kusimama.

Hemlata alifika Jumamosi moja mapema, amelala Bukoba njiani. Alikataa kuketi, akataka kwanza apelekwe kwa Laloji. Alikuwa amekuja na kitambaa kipya cha hariri cha kumfungia. Mansuki akatangulia. Alijiandaa kuona vumbi, utando wa buibui, labda na mavi ya panya. Alijiandaa kuona aibu. Akafungua kabati.

Laloji alikuwa ameamka.

Hapakuwa na vumbi. Alikuwa amekaa kwenye mto wake, anang'aa kama ametoka kuoga sasa hivi, amevishwa sweta la kijani kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mbele yake palikuwa na kikombe kidogo cha maziwa, na maziwa yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Nisikilizeni vizuri. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, Mansuki aliamini. Aliamini kila kitu, mbingu na vilivyomo. Nywele zilimsimama, na jina la Kokila likamtoka mdomoni kana kwamba yuko chumba cha pili.

Kilichotokea chumba cha pili kilikuwa kishindo cha sufuria. Adelgunda alisimama mlangoni, kipande cha ndizi mbivu mkononi, uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Nisamehe, Tata," alisema, akimwita baba kwa lugha yake. "Sikujua mngeingia mapema."

"Ni wewe?" Mansuki aliuliza.

"Ni mimi, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipoondoka. Ulipofunga ule mlango, nilisema moyoni, mwanamume ana uchungu wake, siwezi kumwingilia. Lakini mtoto naye atalalaje njaa? Mama aliniambia siku zile za mwisho, 'Mama Joanitha, mtoto asilale njaa.' Ningemjibu nini huko mbele tukionana?" Akajifuta macho kwa kanga. "Na huyu nilimhurumia kuliko wengine. Alikufa kitonge bado kiko mkononi. Huyu hakushiba, Tata. Ukimwangalia tu unajua hakushiba."

Mansuki akamtazama Hemlata. Hemlata akamtazama Mansuki.

"Nani alikufa?" Mansuki aliuliza polepole.

"Mwanenu," Adelgunda alisema, naye sasa akaanza kubabaika. "Huyu si ndiye sanamu yake? Mtoto wenu, yule aliyefariki akitambaa. Mama siku zote alisema mtoto, mtoto. Sikumuuliza alikufaje. Mambo hayo mtu hamuulizi mwenzake. Nilikuwa nikimsaidia tu kuomboleza."

Miaka yote ile, jamani. Miaka yote ya kufunika sufuria taratibu na kuchemsha maziwa kabla ya chai, Adelgunda aliamini anahudumia msiba wa mama mwenzake. Hakuona ajabu. Kila mtu ana namna yake ya kubeba maiti wake, na hawa, ambao hawana makaburi, aliona ni haki yao kuweka sanamu.

"Umekuwa ukimpa nini?" Hemlata aliuliza kwa Kiswahili chake cha Mwanza, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Maziwa ya Komujuni, mama. Na ndizi mbivu. Sikukuu nampa na sukari. Na mwezi wa kumi na moja, senene zilipoanguka, nikampa kidogo."

"Senene?"

"Watoto wote wanapenda senene! Nilizichambua mwenyewe, nikatoa mabawa na miguu, nikakaanga bila kitunguu. Najua kitunguu hali."

"Umemlisha Laloji wadudu?" Hemlata alishika kifua. "Huyu hali nyama!"

"Najua hali nyama, mama. Senene siyo nyama. Mbona Ijumaa za Kwaresima tunakula?"

Kicheko kilianzia tumboni mwa Mansuki, mahali ambapo tangu Septemba palikuwa pameganda. Alijaribu kukizuia, kikamshinda. Alicheka mpaka akashika kabati, akacheka mpaka akakaa sakafuni palepale alipoketi siku za kuomba, na humo ndani ya kicheko machozi yakapata njia. Akalia kama ambavyo hakulia Mwanza mbele ya moto. Adelgunda naye alipoona analia akalia, ingawa hakujua bado wanalilia nini.

Alipotulia ndipo alipomwambia, kwa Kinyambo, ili neno lisipotee njiani. "Mama Joanitha, hatukuwahi kupata mtoto. Huyu si mwanetu. Huyu ni Ruhanga. Ni Mungu, kwa namna tunavyomwona sisi. Tunamlea tu kama mtoto."

Ruhanga ni jina la Mungu, na si jina la kuchezea. Adelgunda alirudi nyuma hatua, akaitazama ndizi iliyo mkononi mwake kana kwamba imempiga.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya, kama kusema mama wee. "Mungu? Na mimi nimemwambia fumba macho nikuoshe uso? Nimemkaripia siku alipoanguka kwenye beseni?" Kisha akakumbuka jingine na akashika kichwa. "Tata, mimi nimemwombea Misa. Siku ya Marehemu Wote. Padri aliniuliza jina la marehemu, nikamwambia mtoto wa Mama Kokila. Nimemwombea apumzike kwa amani!"

Hata Hemlata hapo midomo ilimcheza, akageuka kutazama dirishani.

Lakini Adelgunda hakucheka. Aliiweka ndizi kwenye sahani taratibu sana, akafanya ishara ya msalaba, akasimama wima. "Basi mimi siwezi tena, Tata," alisema, na ungeona jinsi ilivyomuuma. "Usinielewe vibaya. Mtoto wa mtu namlea hata mpaka nife. Mungu wa mtu siwezi. Nina wa kwangu, na yeye ananijua." Akainamisha kichwa mbele ya kabati, si kwa kusujudu, ila kama mtu anayeaga mtoto aliyelala, akaenda jikoni.

Hemlata akakunjua kile kitambaa cha hariri. "Nitamtakasa Mwanza," alisema. "Nipishe, Jijaji."

Mansuki hakusogea. Alikuwa anatazama maziwa. Mvuke ulikuwa unapungua. Alifikiria kwamba katika nyumba hii mtu mmoja alimwendea Mungu na orodha ya haja zake, akaambiwa hakuna, akafunga mlango kwa hasira. Na mtu mwingine, asiyejua hata anamhudumia nani, aliufungua mlango uleule kila asubuhi bila kutaka chochote, kwa sababu mtoto hajala. Kama Mungu yupo, yupi kati ya hao wawili alikuwa ametembelewa naye? Na kama hayupo, bado mikono ya Adelgunda ilikuwa imefanya kitu kizuri kuliko yote yaliyotendeka katika nyumba ile tangu Kokila afariki. Mikono ya Kokila ilikifanya miaka na miaka, na Mansuki mwenyewe akakiita mchezo wa mwanasesere.

"Sina imani, Hema," alimwambia shemeji yake. "Nakwambia kweli. Bado nina hasira naye. Nikimwangalia naona kitanda cha dada yako."

"Ndiyo maana nimekuja kumchukua."

"Ndiyo maana humchukui. Nifundishe kumwogesha."

Hemlata alimkazia macho kwa muda mrefu, akitafuta masihara usoni mwake, hakuyaona. Alikuwa mwanamke wa amri, na amri yake ya kwanza ilikuwa Mansuki akaoge yeye mwenyewe kabla ya kumgusa mtoto wa watu. Akakaa mpaka alasiri akimfundisha: namna ya kushika, namna ya kufuta bila kuacha alama za maji, vya kulisha na visivyolishwa, senene zikitajwa mara tatu. Kisha akaingia kwenye gari na kitambaa chake kitupu. Dirishani alisema jambo moja tu. "Dada angecheka zile senene."

"Angecheka mpaka aanguke," Mansuki alisema.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua duka, Mansuki aliingia peke yake. Vidole vilivyozoea plagi na cheni vilikuwa vinene mno kwa kitu kidogo vile. Alimwagia maji hadi kwenye mto. Sweta akalivisha nyuma mbele, akalivua, akalivisha tena, mkono ulioshika siagi ukakataa kupita. Alimsemesha kwa hasira, akamwomba radhi, akamsemesha tena. Hakuomba kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa mbele ya Mungu wake bila shida mkononi, na hakujua kama anasikilizwa, na alikuwa na kazi nyingi mno kuweza kulifikiria hilo.

Maziwa aliyakuta yamechemshwa. Adelgunda alikuwa ameshatoa hukumu yake kuhusu jambo hilo: yeye anachemsha maziwa ya nyumba, na maziwa yakishatoka jikoni hajui nani anayakunywa. Padri akimuuliza, ndivyo atakavyojibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kaupa mgongo mlango wa chumba cha ibada, anamenya ndizi za mchana. Chai ya Mansuki ilikuwa jikoni, imefunikwa. Hakumwandalia kabla mtoto hajala.

Mansuki alimimina maziwa kwenye kile kikombe kidogo, akakiweka mbele ya Laloji, akabaki amechuchumaa hapo.

Kisu jikoni kikanyamaza.

"Tata," Adelgunda aliita, bila kugeuka. "Mtoto kala?"

Mansuki akakigusa kikombe kwa kidole.

"Bado," alisema. "Maziwa ya moto."

"Pulizia, waitu. Huyo hapendi kusubiri."

Mansuki akainama juu ya kikombe, akapulizia.